Mtambo wa Mama na Pipa la Mskoti: Je, Pesa ya Kileo Inaweza Kuwa Safi?



Wapendwa vijana wenzangu, leo nataka tulishike swali ambalo kwetu Usoke linaulizwa chini chini, mara nyingi baada ya Misa, watu wakiwa wamesimama mwembeni wakisubiri matangazo ya jumuiya yaishe. Kwenye semina za vijana halipendwi sana, kwa sababu linawagusa wazazi wetu. Swali lenyewe ni hili: kama mama yangu alinisomesha kwa kupika gongo, je, elimu yangu ni ya haramu? Na nikitoa sadaka ya shukrani kutoka kwenye mshahara wangu wa kwanza, Mungu anaipokea?

Tuchukue mfano wa kijana mmoja. Hatumtaji jina kwa sababu vijana kama yeye wako wengi. Baba yake alifariki akamwacha mama na watoto wanne, ekari mbili za mahindi, na deni la mbolea ya tumbaku. Mama akatafuta pipa la bati, mrija wa shaba, sukari na hamira, akaanza kupika usiku nyuma ya nyumba. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, daftari, nauli na chuo havikufutwa. Vyote hivyo vilitoka kwenye mrija ule, tone kwa tone. Leo kijana ni mwalimu. Familia imeomba Misa ya shukrani, na baada ya Misa kuna chakula. Katikati ya furaha, mama mmoja jirani anasema taratibu, bila hasira: "Na sisi tulichangia. Baba wa watoto wangu alichangia kila jioni." Watu wanacheka kidogo, halafu wananyamaza.

Jamani, tumjibu nini yule mama jirani? Na tumwambie nini kijana?

Tuanze na lililo wazi: kileo chenyewe si dhambi. Kanisa Katoliki halijawahi kufundisha hivyo. Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza arusini Kana ya Galilaya, na Yohane anatuambia mitungi ilikuwa sita, mikubwa kwelikweli. Hakutoa kikombe kimoja cha heshima tu. Kwenye altare tunatumia divai ya zabibu, na Sheria ya Kanisa hairuhusu kinywaji kingine mahali pake. Ndiyo maana wamisionari wa Bihawana, karibu na Dodoma, walipanda mizabibu kwenye ardhi ile kavu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anasema divai inayonywewa kwa kiasi ni uhai na furaha kwa mtu, kisha papo hapo anaonya kwamba ikizidi huleta uchungu na ugomvi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye aliuliza kama ni halali kunywa divai, akajibu kwamba hakuna chakula wala kinywaji kilicho kiovu chenyewe. Kinachoweza kuwa kiovu ni jinsi kinavyotumiwa: mtu asiyekiweza, mtu anayevunja ahadi yake, mtu anayezidisha, au mtu anayemkwaza mwenzake.

Babu zetu walilijua hilo hata kabla ya katekisimu. Mkoa wa Tabora ni nchi ya asali. Kwenye misitu ya miombo mzinga hutundikwa juu ya mti, nyuki hufanya kazi yao, na asali ikivunwa, sehemu yake hutengenezwa wanzuki, pombe ya asali. Pombe ya nafaka nayo iliwaita watu kwenye kazi ya pamoja: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na jioni mtungi mmoja unazungushwa. Sisemi kwamba hakuna aliyelewa. Walilewa. Lakini pombe ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na siku yake, na wazee walikaa wakimwona kila anayekunywa. Aliyezidisha alisemwa palepale.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani. Huko Uskoti kuna kiwanda kinaitwa Glenfarclas. Kilipata leseni mwaka 1836, na mwaka 1865 kikanunuliwa na familia ya Grant. Mpaka leo ni mali ya familia hiyohiyo, wakati viwanda vingi jirani vimeshamezwa na makampuni makubwa. Wanatengeneza wiski ya shayiri tupu. Shayiri inaloweshwa iote, inakaushwa, inasagwa, inachanganywa na maji ya moto, inatiwa hamira, kisha inapikwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba. Na moto wao, tofauti na viwanda vingi vya siku hizi, bado unawaka moja kwa moja chini ya chungu. Mvuke unapanda, unapita kwenye mrija, unapozwa kwa maji, unatona.

Unaona? Ni kazi ileile. Chungu, moto, mrija, maji ya baridi, tone. Mama wa Usoke na familia ya Grant wangeweza kukaa pamoja wakaelewana bila mkalimani.

Lakini mmoja chupa yake inawekwa kwenye kabati la kioo hotelini, na watalii wanalipa kiingilio wakatembelee kiwanda. Mwingine akisikia pikipiki usiku anazima moto na kujificha kwenye migomba. Kijana wetu ana haki ya kuuliza: kwa nini? Ni rangi? Ni umaskini? Ni kwamba dhambi ya tajiri inaitwa biashara na biashara ya maskini inaitwa dhambi?

Swali hilo si la kulifukuza haraka. Kuna ukweli ndani yake. Hata hao Waskoti wa zamani walikuwa wakipika kwa kujificha. Milima yao ilijaa mitambo ya siri, na maofisa wa kodi waliwafukuza kama polisi wanavyowafukuza mama zetu. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyoshusha gharama, hata mpishi mdogo akaweza kulipia leseni. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, na majirani wapishi wa siri walimkasirikia hata akalazimika kutembea na bastola. Kwa hiyo heshima ile hawakuzaliwa nayo. Walifunguliwa mlango wa kutoka gizani, na wengine wakakubali kupita.

Kwetu Afrika Mashariki pia mlango ulijaribiwa. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965, na ndipo ikazaliwa Uganda Waragi, pombe ya kiwandani. Tanzania ikatunga sheria ya utengenezaji wa moshi mwaka 1966, na anayepika bila leseni anavunja sheria mpaka leo. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, ikataka itengenezwe kwa vipimo na kuuzwa kwenye chupa. Kwa mama aliye na pipa moja nyuma ya nyumba, milango hiyo ni myembamba sana. Wenye sheria wana kazi ya kujibu hapo, na sisi Wakristo tunaojali maskini tuna haki ya kuwauliza.

Hata hivyo, ndugu yangu, sheria siyo jibu lote. Tukisema "ni haramu kwa sababu serikali imekataza" tutakwama mara moja, kwa sababu Urambo yetu inaishi kwa tumbaku. Tumbaku ni halali. Ina chama cha msingi, ina soko, ina bei, na zaka yake inapokelewa kanisani. Na kila mtu anajua tumbaku inaua. Basi uhalali wa serikali haumalizi kesi mbele ya dhamiri. Kitu kinaweza kuwa halali na bado kikakudai maswali.

Tuangalie basi tofauti nyingine kati ya pipa la Mskoti na pipa la nyuma ya nyumba. Mimi naona mbili ambazo hazitokani na pesa.

Ya kwanza ni subira. Wiski ikishatona haiuzwi. Sheria yao inataka ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 3, na familia nyingi huacha 10, 15, hata 25. Glenfarclas wanapenda mapipa yaliyowahi kuhifadhi sheri, ile divai kali ya Jerez kule Hispania. Mti wa pipa umeshakunywa divai, nayo wiski ikilala humo inachukua rangi na ladha. Na kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hivi hupotea hewani kupitia kwenye mbao. Wao huita sehemu hiyo fungu la malaika. Mzee anaweka pipa akijua huenda atakayelifungua ni mwanawe. Gongo haina fungu la malaika. Inatoka kwenye mrija ikiwa bado ya moto na inauzwa kabla jua halijatoka. Aliye na njaa hawezi kungoja miaka kumi, hilo naelewa kabisa. Lakini haraka hiyo ina hatari yake. Mpishi wa Glenfarclas hutenga kinachotoka mwanzo na kinachotoka mwisho, akahifadhi cha katikati tu. Mwenye haraka anaona uchungu kumwaga. Na wafanyabiashara wengine wamefanya mabaya zaidi: wametia methanoli ya viwandani ili pombe iongezeke na iume zaidi. Jijini Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 2010, ikawa vivyo hivyo kwa makumi ya watu.

Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni jina. Chupa ya Glenfarclas ina jina la nyumba. Mtu akiumwa kwa kinywaji kile, anajua aende wapi. Familia imesema: hiki ni chetu, tutajibu. Gongo haina jina. Ina majina ya utani tu, machozi ya simba na mengine mnayoyajua, na majina ya utani ni ya kuficha. Mtu akianguka njiani, hakuna aliyeuza.

Sasa msinielewe vibaya. Sijasema wiski ni takatifu na gongo ni ya shetani. Mtu anayelewa wiski ya shilingi laki tatu Masaki amelewa vilevile kama anayelewa gongo ya jero hapa stesheni. Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba mtu akijua kinywaji kitamwondolea akili na bado akachagua kunywa hadi hapo, ametenda dhambi ya mauti. Hakuweka punguzo kwa wenye chupa nzuri. Na familia yenye jina kwenye chupa nayo itajibu mbele ya Mungu kama inajua fulani anaharibika kwa kinywaji chake na inafumba macho kwa sababu anapenda kununua.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini. Dhambi haiko kwenye moto wala kwenye mrija, na haiko kwenye umaskini wa mama. Inaingia pale muuzaji anapomjua mnywaji, anaona anavyoharibika, na anaendelea kummiminia. Nabii Habakuki, sura ya 2, anampa ole mtu anayemnywesha jirani yake mpaka alewe. Soma vizuri: ole ile anapewa anayemnywesha. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, inafundisha kwamba tunashiriki dhambi za wengine tunapozisaidia zitendeke, tunapozisifu, au tunaponyamaza wakati tulipaswa kuzuia.

Kijijini muuzaji anamjua mnywaji. Hapo hatuna kisingizio cha mji mkubwa. Mama mwenye mtambo anajua huyu ameuza gunia la mahindi la watoto. Anajua huyu amekuja na jembe la mkewe aliweke rehani. Anajua huyu amefika saa mbili asubuhi mikono ikimtetemeka. Akimpa, anajua anachompa.

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi: "Nisipomuuzia mimi atanunua kwa mwingine." Ndugu zangu, sisi watu wa njia hii ya kati tungepaswa kuliogopa jibu hilo kuliko watu wote. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita katika nchi hii. Ilibeba vitambaa, shanga, pembe za ndovu, na ilibeba watu waliofungwa minyororo. Wangapi walikula kwa msafara ule? Mwenye kuuza mtama, mwenye kukodisha wapagazi, mwenye kutoza hongo ya njia. Ilikuwa rahisi kila mmoja kujiambia kwamba yeye hakumfunga mtu mnyororo, anauza mtama tu, na asipouza yeye atauza jirani. Wamisionari wa Afrika walipoingia Tabora mwaka 1878, biashara hiyo ilikuwa bado hai. Uovu mkubwa unahitaji watu wengi wadogo ambao kila mmoja anafanya kidogo.

"Lakini mama alikuwa na njaa." Ni kweli, na Kanisa linajua uzito wa njaa. Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa kwa njaa, akichukua chakula cha mwenye ziada ili aishi, hajaiba. Lakini angalia: amechukua kwa mwenye ziada. Gongo haichukui kwa mwenye ziada. Inachukua kwenye nyumba nyingine yenye njaa ileile. Pipa moja likisomesha watoto wanne, nyumba ya pili watoto wanne wameacha shule wakachunge ng'ombe za watu. Njaa yangu inaweza kunipa ruhusa ya mambo mengi, lakini hainipi ruhusa ya kuihamishia njaa hiyo kwa jirani yangu. Huko Uskoti fungu la malaika linapotea hewani. Kwetu fungu hilo lilikuwa uji wa watoto wa yule mama jirani, ndiyo maana alisema alichangia. Hakutania.

Basi tumwambie nini kijana? Naona mambo manne.

Kwanza, wewe huna hatia kwa chakula ulicholishwa ukiwa mtoto. Ezekieli, sura ya 18, anakataa kabisa mwana kubeba uovu wa mzazi. Elimu yako si ya haramu. Kujua kusoma, kujua hesabu, kujua kufundisha, ni vipaji vya Mungu, na havikuja na harufu ya mtambo. Shetani anapenda sana kumfanya kijana aone aibu ya asili yake mpaka aache kanisa. Usimpe nafasi hiyo.

Pili, usimdharau mama yako. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona vijana wakirudi kutoka chuoni na Biblia mkononi, wanamhubiria mama kama polisi, huku wamevaa viatu alivyowanunulia yeye. Amri ya nne haijafutwa kwa sababu umeokoka ulevi. Mama alikesha moshini macho yakimwuma, akiogopa kila mbwa anayebweka, ili wewe ulale. Mshukuru kwa hilo kwa kinywa chako. Halafu ndipo umwambie ukweli, faraghani, ukiwa umepiga magoti ya heshima: "Mama, sasa nipo. Tuuache." Na usiseme "uache" bila "nipo". Ukweli usio na msaada ni mzigo tu unaomwongezea. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, ndiyo, lakini mizinga michache ya nyuki, mtaji kidogo wa kuku, hisa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, vinaweza kuanza kidogo kidogo. Jumuiya Ndogo Ndogo nayo isingoje tu kumsengenya. Imsaidie kununua mzinga wa kwanza.

Tatu, kuhusu sadaka. Wapo wanaokumbuka Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kwamba malipo ya aibu yasiletwe katika nyumba ya Bwana. Ni kweli, na mtu anayepika wiki nzima kisha anapeleka zaka ili atulize dhamiri, asidhani amemhonga Mungu. Lakini kumbuka pia makuhani katika Mathayo 27. Walikataa kuweka vile vipande thelathini vya fedha katika hazina, wakasema ni bei ya damu. Walijali sana usafi wa sarafu. Yule ambaye damu yake ilinunuliwa hawakumjali. Tusiwe kama wao, kubishana kama noti ni safi huku tukimruka mtu. Mshahara wako wa ualimu umeutolea jasho, ni wako, utoe kwa furaha. Ila kabla ya kwenda altareni, kumbuka Mathayo 5: ukimkumbuka ndugu mwenye neno juu yako, nenda kwanza kwake.

Na hilo ndilo la nne. Nenda kwa yule mama jirani. Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakuahidi kwenda hekaluni na kapu kubwa. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Deni lililipwa kwa watu waliodhulumiwa. Wewe hukumdhulumu, lakini ulikula. Huna hatia, ila una deni, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Hatia inahitaji kitubio. Deni la namna hii linahitaji upendo. Mtoto wa yule mama anayesoma darasa la sita, mfundishe hesabu jioni bila malipo. Mnunulie daftari. Mume wake, akitaka kuacha, mpeleke hospitali, kwa sababu mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla bila dawa anaweza kufa. Kaa naye. Usimhubirie sana, kaa naye tu.

Tunaye mfano katika Kanisa letu la magharibi. Adrian Atiman alikamatwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa kwa pesa, wakamsomesha udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na hatia yoyote juu ya biashara iliyomnunua na kumuuza. Angeweza kuishi kwa uchungu, au kusema hana deni kwa mtu. Alichagua kulipa maisha yote kwa watu ambao hawakuwa wamemkopesha kitu. Miaka 67.

Na kwako wewe unayekunywa, sijakusahau. Muuzaji atajibu kwa alichokuona nacho, wewe utajibu kwa ulichochagua. Mathayo Talbot wa Dublin, mfanyakazi maskini, alianza kunywa akiwa mtoto, na mwaka 1884 akaweka ahadi ya kuacha. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1925. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu Mstahiki. Jirani yake wa baa hangedhani.

Nimeanza na mapipa, nimalizie nayo kidogo. Wale Waskoti hawatafuti pipa jipya kwa wiski yao nzuri. Wanatafuta lililokwisha kutumika, lenye historia ndani ya mbao zake, na historia ile haiondoki, inageuzwa kuwa utamu. Wewe kijana uliyelelewa kwa mtambo, Mungu hatafuti kukusugua mpaka asahau ulikotoka. Anataka kuitumia hiyohiyo. Nani atamwelewa mtoto wa mlevi darasani kuliko wewe uliyewaona baba zao kila jioni uani kwenu?

Maswali ya kutafakari wiki hii:

Je, kuna pesa ninayokula ambayo sitaki kujua inatoka kwa nani? Je, kuna mtu ninayemwona akiharibika kwa kitu ninachomuuzia, kinywaji, sigara, kamari ya simu, nami nanyamaza kwa sababu analipa? Je, nimewahi kumshukuru mzazi wangu kabla ya kumsahihisha? Na ni nani jirani ambaye "alichangia" makuzi yangu bila kupenda, na mpaka leo sijamtembelea?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, ulikubali kuwa mgeni arusini na kuwaongezea watu furaha. Watazame mama zetu wanaokesha moshini kwa ajili yetu. Wape njia nyingine ya kutulisha, na utufanye sisi kuwa njia hiyo. Waponye wanaotetemeka asubuhi. Wape chakula watoto ambao chakula chao kilinywewa. Utupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuhesabu noti, na moyo wa kulipa madeni ambayo hakuna mahakama itakayotudai. Mama Maria, wewe uliyeona kwanza kwamba wamepungukiwa, utuombee. Amina.

Jumapili njema, na tukutane jumuiyani.